Ufito wa babu wenye alama za majahazi: nani anaweza kuusoma, na zana zake tuzifanyeje?

BintBandani (Unguja)

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nina maswali mawili, na nayaelekeza zaidi kwa mafundi wa vyombo na wazee wa mwambao, ingawa yeyote mwenye la kusema namkaribisha.

Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa majahazi Nungwi. Ametangulia mbele ya haki mwaka huu, na arubaini yake tumeshaisoma. Baada ya hitma ami zangu walilifungua sanduku lake la kazi tukiwepo sote. Mlikuwa na tezo mbili za kuchongea mbao, keekee ya kutobolea matundu na uta wake, patasi za kalafati, yaani za kuzibia viungo vya mbao kwa pamba, zilizogongwa miaka mingi mpaka zimebaki fupi, randa, misumeno, timazi, na uzi wa kupigia mstari pamoja na kopo lake la masizi. Chini kabisa, umeviringishwa kwa kipande cha tanga kuukuu, tukakuta ufito wa mvule, bapa, mrefu kama kimo cha mtu. Ukingo wake mmoja umejaa alama za kisu. Zimekaa makundi makundi, na pembeni mwa kila kundi pamechongwa kialama: nyota, samaki, mwezi mchanga, ndoana, na nyengine. Sote tulikuwa tukimuona babu akiutoa ufito ule anapoanza chombo kipya, anaupitishia kidole, kisha anaurudisha. Kuusoma aliusoma yeye peke yake.

Swali la kwanza: kuna anayejua alama kama hizi zinasemaje?

La pili ni zana zenyewe. Hoteli moja ya huku pwani imetaka kulinunua sanduku zima liwekwe mapokezi, tezo na keekee zitundikwe ukutani. Binamu yangu anaona ni fedha nzuri. Ami mkubwa bado hajasema neno. Mimi sitaki, na nitawaeleza kwa nini, ili mnaponishauri mjue mnamzungumzia nani.

Babu aliingia kazini akiwa mtoto, chini ya mjomba wake, enzi zile majahazi ya Arabuni na Ghuba yakija na kaskazi, yanatia nanga Malindi ya Unguja mjini, yanangoja kusi iyarudishe kwao. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuchambua pamba ya kalafati na kuitia mafuta. Mpaka uzeeni alikuwa akipita na ncha ya kidole kwenye kiungo cha mbao huku anazungumza nawe habari nyengine kabisa, mara kidole kinasimama, naye anamwita kijana: "Hapa, rudia." Mimi jicho langu halikuwa likiona chochote pale.

Kila msumari aliuvisha uzi wa pamba uliochovywa mafuta, chini kidogo ya kichwa, ndipo ukapigwa kwenye tundu la keekee. Pamba ile ikinywa maji inavimba na kuziba. Mwanzoni mwa miaka ya 80, madukani hamna kitu, alikuwa aking'oa misumari ya vyombo vibovu, anainyoosha juu ya jiwe, anaipanga kwa urefu. Baba na ami zangu wamesomeshwa kwa misumari ile.

Na miti! Ukifuatana naye njiani hamfiki. Taruma, ule ubavu wa chombo, linataka mti uliopinda wenyewe, maana ukilichonga kwenye mti ulionyooka unaukata uzi wa mti na litavunjika pale pale kwenye pindi. Kwa hiyo babu alikuwa anaijua miembe na mitondoo yenye mapindi kutoka Nungwi hadi Mkokotoni, ni ya nani, na tawi gani limepinda vipi. Mtondoo mmoja wa jirani aliungoja miaka. Kila tukipita anasimama, anauangalia, anaamkiana na mwenye shamba, tunaendelea.

Mimi nimelelewa na yeye na bibi tangu baba alipokwenda Maskati kutafuta maisha. Skuli ikitoka nilikuwa nikienda moja kwa moja bandani na chakula chake, aghlabu muhogo wa nazi na papa mkavu. Akishakula ananikalisha juu ya rundo la mbao kivulini, anataka nisome kwa sauti. Hakukaa darasani hata siku moja, lakini nikisita tu, tezo inasimama. Haniulizi kitu. Nikishalipata neno, tezo inaendelea. Vijana wa bandani wakawa wanajua nimekwama wapi kwa ule ukimya.

Kila mjukuu aliyehitimu juzuu ya Amma alichongewa marufaa ya kuwekea msahafu. Anachukua ubao mmoja wa msaji, anaupasua kwenye unene wake kwa msumeno mwembamba, upande mmoja kutoka juu, upande mwengine kutoka chini, na pale kati anachonga meno yanayoingiana. Ubao unafunguka na kusimama wenyewe, hauna msumari wala gundi. Jino moja likivunjika ubao wote umepotea, kwa hiyo kazi hiyo aliifanya baada ya alasiri, watu wakishaondoka. Wajukuu wa kike na wa kiume tulipewa sawasawa, na yangu ninaiwekea msahafu mpaka leo.

Jengine nisilotaka lisahaulike. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba, waliookolewa na waliofariki walipokewa pwani yetu. Bandani kulikuwa na tanga jipya la maradufu, la mteja, halijafungwa hata kwenye foromali, ule mti wa kutundikia tanga. Babu alilifungua likatandazwa juu ya miti ya banda liwe kivuli cha wale watu. Mteja alipokuja kulichukua akakuta lina madoa. Babu akasema atamshonea jengine kwa fedha yake, mteja akakataa, akasema tanga ni lile lile na atalipandisha hivyo hivyo. Wakabishana wee, kila mmoja anataka gharama iwe juu yake.

Ndiyo maana moyo wangu haukubali kuiona tezo ile ukutani, juu ya vichwa vya watu wanaongoja funguo za vyumba. Wala sitaki ioze sandukuni. Nishaurini.

Nassor_Faiba (Kigamboni)

Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee. Mimi natengeneza boti za faiba na nitasema ninavyoona. Uzeni. Kazi ya mbao inapungua kila mwaka, mvule wenyewe bei yake haisemeki na vibali vyake ni shida. Kama kuna watoto wa familia wanataka ada, hela hiyo iwasomeshe, kama misumari ilivyowasomesha ami zako. Ufito ubaki nao wewe, hauna thamani kwa hoteli.

FundiMzee_Pangani

Mwanangu, inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Babu yako simjui kwa sura, ila mikono kama hiyo naijua, maana nimekulia humo.

Twende kwenye ufito. Sisi hatukuchora kwenye karatasi. Fundi akishaupata mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, mengine yote yanautegemea: fashini ya mbele, ule mti wa usoni mwa chombo, isimame kiasi gani na ilale kiasi gani, tumbo litanuke wapi, mataruma yawe mangapi. Wengi waliyaweka kichwani. Mwalimu wangu alikuwa na ufito kama wa babu yako, na nitakuambia wake ulivyosomwa, nawe utaupima wenu uone kama unakubali.

Kwanza, tafuta alama moja nzito karibu na ncha, iliyozunguka ufito pande zote. Toka ncha mpaka alama hiyo ni dhiraa moja. Dhiraa ya nani? Ya fundi mwenyewe, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Nusu yake ni shubiri. Fundi mrefu na fundi mfupi wakijenga jahazi la dhiraa ishirini, majahazi yale hayalingani, na ndiyo maana ufito wa mtu haumfai mwengine mpaka aijue dhiraa yake.

Pili, kila kundi ni chombo kimoja. Alama za mwanzo, zilizo fupi na zimekaribiana, ni dhiraa za mkuku, unazihesabu tu. Kisha kuna nafasi. Zinazofuata ni urefu wa fashini ya mbele, kwa shubiri. Nafasi tena, halafu upana wa katikati, kwa shubiri vilevile. Mwalimu wangu aliishia hapo, mataruma hakuyaandika kwa sababu aliyaweka kwa jicho. Kile kialama cha pembeni ni cha kukumbukia chombo chenyewe. Fundi asiyejua kuandika jina atachora samaki.

Pima, unijibu.

BintBandani

Shikamoo babu yangu wa Pangani. Ahsante sana. Ipo! Ile alama nzito ipo, tulidhani ni pale ufito ulipowahi kufungwa kamba. Nimepima, ni sentimita 46. Nikaipeleka kwa ami mkubwa, nikamwomba akunje mkono auweke juu yake. Wote wanasema ami ana mikono ya babu. Ncha ya kidole imefika pale pale kwenye mkato. Ami akakaa kimya muda mrefu, kisha akataka na ndugu zake nao wapime, mmoja mmoja.

Kundi la nyota lina alama 24 fupi, nafasi, 9, nafasi, 16. Kwa hesabu yako mkuku unakuwa mita 11 na kidogo, na upana wa kati mita 3 na robo tatu hivi. Nikamsomea bibi. Bibi haoni vizuri siku hizi, lakini nilipotaja nyota alijibu hapo hapo: hilo ni jahazi lililokuwa likipeleka boriti na nazi, na lilishuliwa bamvua la mwanzo baada ya kuzaliwa baba yako. Anakumbuka kwa sababu alikuwa mzazi ndani, hakuruhusiwa kutoka, akawasikia watu wanalivuta kwa nyimbo mpaka majini, na halwa akaletewa chumbani. Samaki anasema ni mashua ya watu wa Tumbatu. Ndoana ameifikiria sana, bado haijamjia.

Kaka Nassor, nimekusikia na sijakasirika. Ada ni kitu cha kweli. Ila watoto wanaosoma sasa nyumbani wana wazazi wenye kazi, Alhamdulillahi, na vijana watatu aliowafundisha babu bado wako bandani na wanaazimana tezo.

AbuYusra_Maskati

Dada, kabla ya hoteli au chochote kile, kuna mirathi. Zana zile ni mali ya marehemu. Linatangulia deni lake kama lipo, kisha wasia wake usiozidi theluthi, kisha warithi. Bibi yenu ana thumni yake, yaani sehemu moja kwa nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki ni cha watoto wake. Wewe na binamu yako, maadamu ami zenu wapo hai, hamrithi. Kwa hiyo binamu yako hawezi kupatana bei na mtu, na wewe pia huna la kuzuia isipokuwa kuwaomba wenyewe. Nakwambia hivi kwa kukutakia kheri, maana nimeona familia zikigombana kwa kitu kidogo kuliko keekee.

Sasa, wenyewe wakiridhika wote, pamoja na bibi na mashangazi, wanaweza kuziweka zana wakfu zitumiwe na mafundi wa banda lile. Kwa madhehebu yetu ya Shafii kitu kinachohamishika huwekwa wakfu, ilimradi kinatumika na chenyewe kinabaki. Zana haziuzwi, hazirithiwi, na kila ubao utakaochongwa kwa tezo ile thawabu inamfikia. Hapo Unguja ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, waulizeni taratibu. Muandike orodha, muweke msimamizi mmoja anayejulikana, na mashahidi.

MwanaMatondoni (Lamu)

Poleni sana. Kwetu Matondoni kazi hii ndiyo iliyotulea, nimeusoma uzi huu nikiwa na babu yangu mwenyewe kando, naye anatoa salamu kwa bibi.

Nakubaliana na hilo la wakfu. Nataka kuongeza la ufito. Msiuache ukae kama kumbukumbu ya nyumba peke yake. Mnaujua mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, kisichokuwa na msumari hata mmoja, tanga lake la mkeka. Uliisha baharini mapema karne iliyopita, na waliotaka kuujenga tena iliwabidi waanzie kwenye mifano midogo ya makumbusho na maelezo ya watu wa zamani. Mshonaji aliyekuwa na vipimo mkononi hakuwapo tena wa kuulizwa. Ninyi mna vipimo vya vyombo vyote hivyo kwenye ubao mmoja, na mna bibi anayevijua kwa vialama vyake! Hilo ni jambo kubwa mno.

Fanyeni hivi, tena upesi. Chukueni karatasi ndefu, ile ya kufungia bidhaa, muitandike juu ya ufito na kupaka mkaa taratibu, alama zote zitatoka kwa ukubwa wake halisi. Picha peke yake haitoshi kwa kuwa haina kipimo. Kisha kaeni na bibi, simu inarekodi, kialama baada ya kialama: chombo cha nani, mti gani, nani alilipa, kiliishia wapi. Msimharakishe. Akitoka nje ya habari mwacheni, huko nje ndiko kuliko na mambo. Nakala moja mpeni kila mtoto wake, nyengine mkaiombee nafasi makumbusho.

Na msiambiwe kwamba hizi ni kazi za kale zilizokwisha. Mwaka 2018 ilijengwa hapa Lamu Flipflopi, mashua ya plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na mwaka 2019 ikasafiri hadi kwenu Zanzibar. Plastiki ile ilitiwa umbo na mafundi wa mbao, kwa mkono na zana za mbao.

Nassor_Faiba

Hilo la vipimo limenigusa. Kusema kweli hata sisi wa faiba tunatoa kalibu kutoka kwenye chombo cha mbao kilichochongwa na mzee fulani. Dada, mkimaliza kupaka huo mkaa naomba vipimo vya ile mashua ya Tumbatu, kwa idhini yenu. Nitalipa.

BintBandani

Naleta habari. Tulikaa Ijumaa baada ya sala, ami wote, mashangazi wawili, na baba kwenye simu kutoka Maskati. Nilisoma maneno ya Abu Yusra yote, hata pale aliponiambia sina haki. Deni la babu lilikuwa moja tu, la mbao, na ami mdogo alishalilipa. Bibi ndiye aliyesema mwanzo. Alisema anachotaka yeye ni kusikia sauti ya tezo asubuhi, maana bandani si mbali na nyumbani na tangu babu alale kitandani anaamka hajui saa.

Zana zinawekwa wakfu kwa banda. Msimamizi ni kijana mkubwa wa babu, aliyekaa naye tangu hajaota ndevu. Hoteli, ami amewajibu kwa heshima, na amewaambia wakitaka pambo upo usukani wa mashua kuukuu uani, huo ni wake yeye na anauza. Binamu ndiye atakayewapelekea na atapata chake.

Ufito unakaa kwa bibi. Mkaa tumeupaka na shangazi juu ya mkeka, tumetoka weusi mpaka viwiko. Makundi yametimia kumi na tisa. Ndoana imemjia bibi katikati ya kazi: mashua ya kaka yake mwenyewe, ambayo babu hakuchukua ujira, na kwa hiyo, anasema, yeye bibi alimkasirikia babu, kwa sababu mwezi ule nyumbani hamkuwa na sukari. Alisema hivyo akicheka na kulia pamoja. Kaka Nassor, mashua ya Tumbatu ni alama 16, 7, na 10. Bibi anasema hulipi kitu, ila ukiishua umwombee dua mwenyewe.

Babu wa Pangani, nina swali moja la mwisho. Uta wa keekee ugwe wake umekatika, ulikuwa wa ngozi na umekauka kabisa. Kijana anataka kutia kamba ya nailoni aanze kazi Jumatatu. Inafaa?

FundiMzee_Pangani

Marahaba mwanangu, na Mungu awazidishie kwa mlivyokaa na mkasikilizana.

Nailoni isitiwe. Inateleza kwenye mti wa keekee, kijana atavuta uta nao mti hauzunguki, na ikipata moto inayeyuka. Nendeni kwa mchinjaji, mtafute ngozi ya mbuzi isiyotiwa chumvi, mkate ugwe mmoja mrefu kwa kuzunguka, upana wa kidole cha mwisho, bila kiungo. Loweka usiku kucha. Asubuhi usokote ukiwa mbichi, uufunge ncha moja, zungusha mti mara moja, ndipo ufunge ya pili, na uache ukaukie kwenye uta wenyewe kivulini. Juani utapasuka. Ukishakauka paka mafuta ya nazi, kidogo tu. Jumatatu ni mapema mno, mwambie aanze na kazi ya tezo, keekee aichukue Alhamisi.

Na ile 9 ya fashini kwenye kundi la nyota, naomba uipime tena. Kwa mkuku wa 24 naona ni fupi, labda kuna alama moja imelika pale ufito ulipokuwa ukishikwa.